Glavu za Mkono Mmoja za Mama Veneranda

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye tuta la vitunguu wakati jirani yetu Leontina alipokuja mpaka kwenye uzio bila kitambaa kichwani. Leontina hatoki nje bila kitambaa, hata akienda kuwapa kuku maji. Nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Genovefa," alisema, "simu yako inalia huko ndani kama mtoto aliyeachwa. Wamekukosa, wakanipigia mimi. Ni hospitali."

"Wamesemaje?"

"Njoo kwanza unawe mikono."

"Leontina, sema."

"Mama yenu amekwenda. Asubuhi hii, wakati wa chai. Ni moyo tu, wamesema. Hakuteseka."

Akafanya ishara ya msalaba, nami nikafanya, na udongo ukabaki kwenye paji la uso wangu. Kisha nikarudi kumaliza ule mstari wa vitunguu. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu mama mkwe wangu alichukia kuona mbegu zimeachwa juani. Leontina aliingia kwa mlango wa bustani, akainama upande wa pili wa tuta, akanisaidia. Tulipanda mpaka mfuko wa mbegu ulipokwisha.

Huyo marehemu ni Veneranda, mama wa mume wangu Stanislavs. Nimeishi naye chini ya paa moja tangu nilipoolewa, na wanawake wengine wakiniuliza siri ya kuelewana na mama mkwe, huwaambia kwamba siri ni bustani kubwa. Tukigombana, yeye alikwenda kwenye viazi na mimi nikaenda kwenye kabichi, na kufikia jioni hasira ilikuwa imeingia ardhini. Alikuwa mkamuaji wa ng'ombe katika shamba la ushirika enzi zile, akiamka kabla ya jogoo, na vidole vyake vilibaki vinene na vyenye nguvu. Kwa vidole hivyohivyo alifuma glavu za sufu kwa nyuzi nyembamba, zenye nyota na matawi ya msonobari, bila kutazama, huku akinisuta.

"Wewe unapanda viazi kama unazika paka," aliniambia mwaka wangu wa kwanza. "Visogeze. Viazi navyo vinataka kupumua."

Katika ndoa mimi niliingia na glavu chache za kununua sokoni. Yeye aliingia na sanduku. Kwetu bibi arusi wa zamani alikuja na glavu alizozifuma tangu utotoni, akamgawia kila mtu wa nyumba ya mume, akafunga moja kwenye mlango wa zizi na nyingine kwenye mti wa tufaha. Na glavu hizohizo humsubiri mtu mwishoni. Wanaume wanaochimba kaburi na kubeba jeneza hupewa kila mmoja jozi ya sufu, iliyofumwa na marehemu mwenyewe kama alikuwa mwanamke anayejiheshimu. Ni shukrani yake ya mwisho. Baada ya hapo hawezi kumshukuru mtu tena.

Mume wake Jezups alikufa mwezi wa Februari, ardhi ikiwa ngumu kama chuma. Ilibidi wachimbaji wawashe moto juu ya mahali pa kaburi na kuulinda siku nzima. Mwaka ule Veneranda alikuwa ameuguza mgonjwa miezi na miezi, sanduku lilikuwa tupu, akawapa glavu za dukani, za kitambaa chepesi. Mzee Donats, ambaye ndiye mkuu wa wachimbaji kijijini kwetu mpaka leo, alichubuka viganja vyote viwili. Hakulalamika. Alikuja kwenye karamu ya mazishi, akala supu, akanyanyua kijiko kwa vidole vilivyofungwa kitambaa. Veneranda alikiona kile kijiko mpaka kufa kwake.

"Mimi wakinizika," alisema mara nyingi, "wote sita watavaa kazi ya mkono wangu. Sitaki kuaibika mbele ya Donats mara mbili."

Kwa hiyo kila majira ya baridi alifuma. Alikaa kando ya jiko la matofali, rozari mfukoni na sindano tano mkononi, na alipomaliza aliiweka kazi yake kwenye sanduku na kulifunga. Hakupenda tuchungulie. "Hizo si zenu," alisema. "Nyinyi hamtanibeba." Na ni kweli. Kwetu ndugu wa damu habebi jeneza, watu wasije wakasema tumefurahi kumtoa mlangoni.

Aprili hii theluji ilipoyeyuka alitoka na reki kama kila mwaka. Alipanda karoti kwenye tuta ambalo siku chache kabla alikuwa amelipanda njegere. Nilipomwambia, alilitazama lile tuta, kisha akacheka.

"Basi ardhi itachagua yenyewe," alisema.

Tulicheka wote wawili. Wiki iliyofuata alianguka pale pale, kati ya matuta, akapelekwa hospitali.

Walimrudisha nyumbani kwa jeneza. Tulimlaza katika chumba cha wageni, tukafunika kioo, na jioni wanawake wakaja kumwimbia zaburi za marehemu. Wifi yangu Regina alikuwa amefika kutoka Riga. Yeye ndiye aliyeuliza glavu ziko wapi, ili zipangwe juu ya kifuniko cha jeneza mapema. Nikachukua ufunguo kutoka nyuma ya picha ya Mama Maria, nikafungua sanduku.

Lilikuwa limejaa. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kama mtu aliyeshinda kitu. Nikatoa ya kwanza, nyeupe na nyeusi yenye nyota. Nikatafuta mwenzake. Nikatoa nyekundu yenye matawi. Nikatafuta mwenzake. Regina akapiga magoti karibu nami, tukazitandaza zote sakafuni, na hakuna hata mbili zilizofanana. Zote zilikuwa za mkono wa kulia, kwa sababu yeye huanza na mkono wa kulia. Kila alipomaliza moja aliifungia, akasahau, akaanza nyingine.

"Tangu lini?" Regina aliuliza.

Nilizitazama. Za chini zilikuwa zimeanza kuliwa na nondo.

"Tangu zamani," nilisema.

Regina alilia kwa sauti, yeye ambaye hata nilipompokea kituoni hakulia. Halafu akajifuta, akasema, "Kesho asubuhi naenda sokoni Rezekne. Nitanunua jozi sita, nzuri, za mafundi. Nani atajua?"

"Yeye atajua," alisema mume wangu mlangoni. Stanislavs si mtu wa maneno.

"Kaka, mama amekufa."

"Alishawahi kuwapa za dukani. Unakumbuka alivyoishi na jambo hilo. Usimfanyie tena."

Wanawake walikuwa wameacha kuimba, wamekuja kutazama. Mmoja akasema basi tufume za kushoto sisi, mikono ni mingi. Lakini maiti akiwa ndani ya nyumba sindano haziguswi, hilo halina mjadala. Leontina akasema angeweza kwenda kufuma kwake, na wengine kwao.

"Kumalizia kazi ya maiti?" mwanamke mwingine alimwambia. "Anayemalizia humfuata."

"Basi mimi sifumi," Leontina alisema. "Nina goti moja tu zima, lakini bado nina kazi nalo."

Kuna waliocheka, na Regina pia, huku machozi yakimtoka. Lakini glavu zilikuwa bado sakafuni. Usiku ule niliomba. Sikuomba muujiza, niliomba tu asiaibike. Mtu alifanya kazi miaka yote kwa ajili ya siku moja, na siku yenyewe imefika, naye hayupo kujitetea.

Asubuhi Donats alikuja na koleo begani kuuliza upande gani wa kaburi la Jezups tunataka.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema mlangoni.

"Milele na milele, amina. Mzee Donats, karibu ndani. Kuna jambo."

Nilimwonyesha. Niliogopa uso wake kuliko nilivyoogopa wa padri. Akaweka koleo chini, akavua kofia, akaokota ile yenye nyota, akaigeuza, akapitisha ukucha kwenye ukingo.

"Hii ni kazi yake," alisema.

"Lakini ni moja moja, Mzee."

"Naona. Bado sijapofuka." Akaingiza mkono. "Jeneza unalibeba kwa mikono mingapi, mwanangu?"

Akainua ule mkono wenye glavu.

"Mmoja. Mwingine unashika kofia. Huu wa kofia hauhitaji sufu."

"Zote ni za kulia. Watatu wa upande wa pili watabeba kwa kushoto."

"Mimi nitakwenda upande huo. Gumba langu limevunjika mara mbili, litakaa popote." Akaivua, akaikunja vizuri, akaiweka ndani ya koti upande wa moyo. "Nipe na za wenzangu. Ardhi leo ni laini, hatutachubuka. Mwambie hivyo, kama unaongea naye."

Nilimwambia. Niliingia chumba cha wageni, nikamwambia.

Tulimzika Jumamosi, baada ya misa. Jua lilikuwa kali na upepo wa baridi. Wanaume sita walimtoa mlangoni, miguu mbele, watatu kila upande, kila mmoja na glavu moja yenye rangi yake, kofia katika mkono mwingine. Kwa wale wa upande wa Donats kidole gumba kilikaa vibaya na nyota zikageukia ndani. Pale njia panda, kwenye msalaba ambapo mwezi wa Mei tunamwimbia Mama Maria kila jioni, walimshusha kidogo, tukasali, wakamnyanyua tena.

Makaburini padri alinyunyiza maji ya baraka na kusoma. Stanislavs alibusu kifuniko. Regina alibusu. Mimi pia. Wakamteremsha kwa kamba, polepole, na kamba zikatolewa. Kila mmoja alitupa mchanga mara tatu. Wanawake waliimba, na Leontina alipoteza sauti, akaendelea kwa midomo tu. Wanaume walijaza kaburi, wakalipiga kwa koleo mpaka kingo zikanyooka, sisi tukalifunika kwa matawi ya msonobari. Tukasema: raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie.

Donats alikung'uta udongo kwenye glavu yake, akaivaa tena, akatushika mkono mmoja mmoja. Kisha tukashuka kwenda kula.