Maji ya Mwisho Kwenye Kona ya Kikaango

Ulikuwa wapi walipouza uwanja wenu?

Mvua alikuwa uvunguni mwa boza lake la maji, anakaza nati, mafuta machafu yanamdondokea shingoni. Habari aliletewa na binti yake, dereva wa gari la mkate, ambaye huzizoa habari za mji mzima kabla watu hawajapiga mswaki. Uwanja wa mbio za magari, uwanja wa watu wote, ulikuwa umeuzwa katika kikao ambacho watu wote hawakuitwa. Mahali pake patajengwa maghala. Greda lingekuja kusawazisha kesho asubuhi.

"Kesho ipi?" Mvua aliuliza, bado yuko chini.

"Baba, kwani kesho ziko ngapi?"

Jina la Mvua hakupewa na wazazi wake. Alilipata uwanjani, na uwanja wenyewe ulianza ukiwa shimo. Kiwanda cha matofali kilichimba udongo mwekundu mpaka kikaacha bakuli kubwa nyuma ya mji, kisha kikafunga milango. Madereva wawili wa malori ya kiwanda, waliokuwa wakibishana kila siku nani mwenye mguu mzito, wakaamua kumaliza ubishi wao Jumapili moja kwa kulizunguka lile bakuli. Hawakuumaliza. Jumapili iliyofuata walikuja na wenzao, na wenzao wakaja na magari ya shangazi zao bila shangazi kujua. Watu wakapanga matofali yaliyoharibikia tanuruni yakawa viti. Matairi chakavu yakafukiwa nusu yakawa ukingo. Hakuna ofisi iliyotoa hata msumari! Uwanja ule ulijengwa na watu waliokuwa wanacheka.

Ila vumbi lilikuwa balaa. Siku ile ya kwanza hakuna aliyemwona mshindi. Wote waliingia mawinguni, wote wakatoka wamefanana. Ndipo kijana aliyekuwa akiendesha boza la kiwanda, boza ambalo hata wanunuzi wa vyuma chakavu walilikataa, akateka maji kwenye dimbwi la shimoni na kuumwagia uwanja jioni ya kuamkia mbio. Udongo ukanywa usiku kucha. Asubuhi ulikuwa umeshikamana, laini, wa kung'aa. Tangu hapo akawa Mvua, na mashindano hayakuanza bila yeye.

Kila jioni kama hiyo madereva walimfuata mmoja mmoja kwa kunong'ona. "Mjomba Mvua, pale kona ya Kikaango mwagia kidogo tu." Huyu akiondoka, anakuja mwingine: "Mjomba, Kikaango loweka kabisa, mimi utelezi ndio chakula changu." Wote aliwajibu neno moja: "Nimesikia." Kisha akamwaga vilevile kama siku zote. Aliyeshindwa aliyalaumu maji. Aliyeshinda alijisifu mwenyewe.

Mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa akikaa safu ya chini kabisa, mkabala na Kikaango, kwa makusudi, ili arushiwe tope apate la kulalamikia njia nzima ya kurudi nyumbani. Mvua aliyapenda malalamiko yale kuliko kelele za injini.

Halafu vipuri vikaadimika, vijana wakahama, na Betri, fundi redio aliyekuwa bingwa asiyeshikika, akaliuza gari lake. Nyasi zikaota kati ya matofali. Mvua hakuwa mjinga. Alijua karatasi zimeshapigwa mihuri. Alitaka kitu kimoja tu: udongo ule ukanyagwe na mbio mara moja zaidi kabla ya greda.

Jioni ile alijaza boza, akashuka nalo uwanjani. Binti yake akamfuata kwa miguu, mikono kiunoni.

"Unammwagia nani, baba?"

"Kesho kuna gari linapita."

"Greda! Greda halishindani na mtu!"

"Basi litashinda."

"Baba, watu watasema umechanganyikiwa."

"Nimesikia," alisema Mvua, akafungua koki.

Asubuhi yake greda lilifika na msimamizi mwenye kofia mpya. Dereva wa greda alishuka, akakandamiza udongo kwa kisigino, akatikisa kichwa. "Bosi, nani kaloweka hapa? Huu ukiuparura mbichi unanata kama gundi. Tungoje jua."

Msimamizi akamgeukia Mvua. "Mzee, ni wewe?"

"Ndiyo kawaida, ikiwa kesho yake kuna mashindano."

"Mashindano gani?"

Mvua aliyatazama matofali matupu, na kwa mara ya kwanza akajiona kichekesho.

Kisha akasikia ekzosi iliyolegea. Aliijua; kila alfajiri ilimwamsha. Gari la mkate lilikuwa linateremka shimoni. Binti yake alikuwa ameugawa ujumbe mlango kwa mlango pamoja na mikate, kwani nyuma yake ilikuja teksi, Betri akiwa kwenye usukani wa kuazima, na nyuma ya teksi pikapu yenye matenga ya kuku, kuku wenyewe wakipinga kwa sauti. Watu walishuka ukingoni, wengine bado na kanga za kulalia.

"Mjomba Mvua!" Betri alipaza sauti hata kabla ya salamu. "Kikaango umekizidishia maji!"

"Nimesikia!"

"Toeni magari!" msimamizi alifoka. "Hapa pana wenyewe!"

"Ndio hao wanaingia," alisema Mvua.

Dereva wa greda alizima injini, akapanda juu ya tairi ili aone vizuri.

Mvua alikwenda kukaa safu ya chini, pale pale pa mkewe. Magari yakaanza mbio. Teksi iliongoza, pikapu ikaacha manyoya njiani, na kwenye Kikaango binti yake akaukata usukani, makalio ya gari la mkate yakachezea nje, mlango wa nyuma ukafunguka, mikate ikaruka, na tope likatua kifuani mwa baba yake. Akatoka kwenye kona wa kwanza.

Mvua aliliangalia shati lake. Akaanza kulalamika kwa sauti, peke yake, akiwa amejaa raha: shati lenyewe limefuliwa jana, sabuni haipatikani, na hawa watoto wanaendesha kama hawana wazazi.