Kioo Alichokigeuzia Paa

Saa tano asubuhi, barabara ya Bukima inatoa vumbi, na Land Rover ya wagonjwa inakwenda mwendo wa mtu aliyebeba mayai kichwani. Nyuma, juu ya machela, amelala mvuvi aliyevunjika paja akivuta mtumbwi nchi kavu. Muuguzi Bernado amekaa pembeni yake, ameibana machela kwa magoti.

“Mgonjwa?” anaita dereva bila kugeuka.

“Yupo. Anapumua vizuri.”

Hazijapita dakika tano.

“Mgonjwa?”

“Mzee Silasi, unaitaga kama mama anayetafuta kuku jioni!”

“Jibu.”

“Mgonjwa ni mimi, nipo!” mvuvi anadakia. “Yaulize na mashimo, baba, maana nayo yapo yote!”

Bernado anaangua kicheko. Dereva hacheki. Anasubiri mpaka muuguzi aseme kwa kinywa chake kwamba mgonjwa anapumua, ndipo anabadili gia.

Huyu ni Silasi Wanzagi, miaka arobaini na minane, dereva wa kituo kimoja cha afya kati ya Bunda na Musoma. Gari ni moja, vijiji ni kumi na tisa. Zamani aliendesha lori la pamba.

“Pamba ukiichelewesha inakusubiri,” anasema.

Anaishi katika chumba kimoja nyuma ya kituo. Hupika ugali wa udaga wa muhogo na visamaki vya furu, ugali wa kumtosha mtu mmoja, na bado unabaki. Jirani zake wanamheshimu, lakini hawakai kwake. Mwenyewe anasema mtu asiyeongea huzoewa kama mti wa uani. Watu wanaupita tu.

Mkewe, Mbuke, yuko Nyasura kwa baba yake tangu Septemba 1974. Ulikuwa mwaka ule wa watu kuhamia vijiji vya ujamaa, na gari halikupumzika. Huu ni mwaka wa pili sasa. Hawakugombana. Siku ya kuondoa tanga la msiba, Mbuke alimsindikiza mumewe hadi njiani, akamwambia maneno ambayo Silasi anayarudia taratibu, neno kwa neno:

“Tangu tumzike mama hujaniangalia usoni. Kuna kitu hujasema. Siwezi kulala nyumba moja na kitu nisichokijua.”

Kitu hicho hajakisema mpaka leo.

Aliyekufa alikuwa mama mkwe wake. Alishikwa na homa iliyompanda kichwani, akawa hajitambui na anatapika. Ilibidi apelekwe Musoma. Dereva alikuwa Silasi peke yake. Muuguzi aliyepatikana alikuwa Dafroza, aliyekuwa ametoka kuzalisha wanawake wawili usiku kucha, na hapakuwa na wa kumpokea.

“Niliona macho yake mekundu kama pilipili,” Silasi anasema. “Sikusema. Dereva atamwambiaje sista kwamba amechoka? Mimi kazi yangu ni usukani.”

Dafroza alimlaza mgonjwa ubavu ili matapishi yasimzibe, akamshika bega. Silasi naye alifanya jambo moja kabla ya kuwasha gari. Alikigeuza kioo cha kutazamia nyuma, kikaelekea paa. Kwa desturi ya kwao, mkwe hamtazami mama mkwe aliyelala, hamgusi, wala hamtaji jina. Hata sasa jina lake halitamki.

“Nilikuwa naweka heshima,” anasema.

Hawajafika Kiabakari akaanza kusikia sauti nyuma yake, kama maji yanayochemka ndani ya chungu chenye mfuniko.

“Niliita, ‘Sista?’ Mara moja. Kimya. Nikajiambia ana kazi mkononi, ndiyo maana hajibu.”

Sauti iliendelea. Angeweza kusimama.

“Kusimama ni rahisi. Kufungua ule mlango wa nyuma ndiko kulikonishinda. Nimkute amelala, kanga imefunuka, mimi mkwewe? Nikakanyaga mafuta. Nilijiona nasaidia.”

Alikwenda hivyo kilomita kumi na moja. Kiabakari alisimama penye wanawake waliokuwa wakiteka maji, akamwomba mmoja afungue. Dafroza alikuwa amelala usingizi, kichwa kwenye bati, mkono bado umeshika ncha ya shuka. Mama alikuwa amebiringika, yuko chali. Sauti ilikuwa imekwisha.

Taarifa ilikuwa fupi: muuguzi alilala kazini. Dafroza alihamishiwa zahanati moja Bugwema, akazuiwa kupanda gari la wagonjwa. Silasi aliulizwa swali moja, kama alisikia chochote.

“Nikasema injini ina kelele,” anasema.

Bugwema, Dafroza anachemsha sindano kwenye jiko la mkaa. Hatafuti kutetewa.

“Nililala, ni kweli. Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi ya jana yake. Ninachojiuliza ni kama alihangaika muda mrefu. Hakuna anayejua.”

Silasi alipoelezwa maneno hayo aliinuka, akaenda kuufunga mlango uliokuwa umefungwa tayari.

Tangu siku ile anaita kila baada ya muda mfupi, na asipojibiwa anasimamisha gari, hata mtoni. Mwezi uliopita aliiandikia kamati ya afya. Aliomba muuguzi aliyekesha asipelekwe safari, na mgonjwa akiwa mkwe wa dereva au wa muuguzi, apandishwe mwanamke wa ukoo akae karibu naye. Aliomba pia kuita na kujibu kuwe sheria, siyo tabia ya mzee mmoja. Jibu lilikuja kwa mstari mmoja: Ndugu Dereva, hujaeleza sababu.

“Sababu ni mimi,” anasema.

Jumamosi hii ana mapumziko. Amepanga kupanda basi la asubuhi hadi Nyasura, akae mbele ya baba mkwe na Mbuke, aseme alisikia, na alisikia kwa kilomita ngapi. Jumapili atakwenda Bugwema kwa Dafroza. Jumatatu atapeleka barua yenye sababu, wamwondoe kazini wakitaka, ila Dafroza arudishwe.

Anajua ukoo unaweza kumfukuza uani kabla hajamaliza sentensi. Anajua pia habari hii itasomwa gazetini.

“Andika yote,” anasema. “Gazeti linafikaga Bunda siku ya tatu. Nitakuwa nimelitangulia.”

Na Mbuke akikataa kurudi?

Silasi anafuta mikono kwa kitambaa chenye mafuta, kidole kimoja kimoja.

“Akatae,” anasema. “Lakini akatae akijua.”