Masikio ya Doria

Kwa Mzee Gidahosh wa Masakta, Mungu ampumzishe kwa amani, mbwa hakuwa mnyama wa kushikwashikwa. Mkono wa mwanamume ulikuwa wa ng'ombe. Mbwa alipewa ukoko wa ugali, akalala kando ya zizi, na fisi akipita alibweka. Mkewe, Efrazia, aliolewa akayakuta hayo, naye hakuyabishia.

Lakini Doria, jike la rangi ya kahawia lenye sikio lililochanwa na fisi, alikuwa na mambo yake. Kila Jumapili alimsindikiza Efrazia kigangoni, akalala mlangoni mpaka ibada iishe. Mzee alishika mila za baba zake, kanisani hakwenda. Katekista alipomuuliza atakuja lini, alijibu kwamba yeye hutuma mwakilishi.

Mwaka mmoja mvua zilizidi, na kupe wakazidi. Siku ya kuogesha ng'ombe, mzee alimaliza kunyunyiza, akaona dawa imebaki kwenye ndoo. Akamwita Doria, akammwagia yote. Efrazia alipouliza kama dawa ile inamfaa na mbwa, alijibiwa kwa upole.

"Mama Ezekiel, kupe si ni wale wale?"

Doria akajilamba hadi akakauka. Haikupita muda akaanza kudondosha mate, miguu ikatetemeka, akaanguka. Mzee alisimama na ndoo tupu mkononi, akamtazama mkewe, akasema neno ambalo hakuwahi kulisema tangu amwoe.

"Mwombee."

Efrazia aliomba, ila mikono haikungoja amina. Alimwosha Doria kwa sabuni na maji mengi, akamsuuza, akamwosha tena. Maji aliyachota mzee mwenyewe, mbele ya macho ya majirani. Kisha wakamfunga khanga kuukuu mwilini asijilambe tena, na Ezekiel, mwana wao, akampigia simu bwana mifugo.

Bwana mifugo, kijana aliyeitwa Wolfgang, alifika kwa pikipiki, akaamkia, akamdunga Doria sindano. Ndipo akainusa ile ndoo.

"Mzee, hii ulimpimia mbwa au fahali?"

"Kupe ni wale wale," mzee akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Kupe ni wale wale, mzee wangu. Ila huyu si ng'ombe. Kipimo cha ng'ombe kinamuua."

Akasema mbwa ana dawa yake, na hata hiyo hupimwa kwa uzito wake. Akawasifu kwa kumwosha mapema. Zaidi ya hapo, alisema, ni kungoja.

Kulipokucha Doria alisimama, akayumba, akanywa maji. Mzee alienda nyuma ya nyumba, akakaa huko kitambo. Efrazia hakumfuata.

Tangu hapo kila Jumamosi jioni, ng'ombe wakishaingia zizini, mzee aliketi kwenye kigoda chake, akamlaza Doria kichwa pajani. Alianza na masikio, ndani na nyuma, kisha kwapani, kisha katikati ya vidole. Kupe alimshika karibu kabisa na ngozi, akamvuta polepole bila kumminya, akamtumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa. Kucha zikirefuka alizipunguza ncha tu. Chanjo ya kichaa cha mbwa ilipotangazwa, yeye na Doria walifika wa kwanza kila mwaka. Jirani yake Akonaay alimtania kwamba kesho atamsuka nywele.

"Akitaka mtindo, atasema," mzee akajibu, asiinue macho.

Mzee alizikwa mwaka huu, mahindi yakiwa yanachanua. Jumamosi iliyofuata, waombolezaji wakiwa wametawanyika, Efrazia alimkuta Doria amekaa mbele ya kigoda kitupu, anakitazama. Alikuwa hajala tangu msiba, na shingoni kupe walikuwa wameshaanza kung'ang'ania.

Efrazia alileta kopo. Akakaa kwenye kigoda cha mumewe, mahali ambapo hakuwahi kukaa, akapiga paja. Doria alifikiri kidogo, kisha akaja, akalaza kichwa.

"Tuanze na masikio," Efrazia akamwambia. "Kesho tunaenda kumwombea."