Mtani Wangu na Magoti Yangu

Mwaka ule mvua ilinyesha mpaka majani yakaota juu ya paa la bibi. Watoto wa siku hizi hawaijui habari hii, kwa hiyo nieleze. Nyumba zetu za zamani zilikuwa tembe: kuta za miti na udongo, na paa la bapa la udongo vilevile, chini sana, mtu mrefu anaingia ameinama. Ya bibi iliegemea mwinuko, kwa nyuma paa lilikuwa karibu sawa na ardhi. Mvua ikikubali, paa linachipua kama shamba. Mbuzi walipanda wakala na hakuna aliyeshangaa. Siku moja akapanda mtamba wa baba mdogo, ng'ombe ambaye hajazaa bado, mwenye tamaa kuliko wote zizini.

Bibi alikuwa ndani anasonga ugali wa uwele. Sisi wajukuu tumekaa tunasubiri, mlenda uko tayari. Tukasikia paa linalia. Vumbi likadondoka. Halafu miguu miwili ya mbele ikatokea juu ya vichwa vyetu, inaning'inia kama ya mgeni aliyekaa kwenye kitanda kirefu, na kabla hatujasema neno ng'ombe mzima akashuka. Hakuumia. Alisimama katikati ya nyumba na udongo mgongoni, anatutazama kama sisi ndio tuliomwangukia. Bibi hakuacha kusonga. Alimwangalia tu akamwambia, "Mlango uko pale, mwenzangu."

Habari hiyo nimeisimulia kwenye arusi, misibani, na mara moja kwenye kikao cha shule nilipoulizwa jambo jingine kabisa. Huwa naishia hapo, kwenye mlango uko pale. Leo nitaendelea mbele kidogo, kwa sababu kuna kipande sijawahi kukisimulia.

Wote tulicheka, lakini mimi nilipocheka magoti yaliniishia. Nilianguka chini kama nguo iliyolowa. Macho yanaona, masikio yanasikia, hata kidole sikiwezi. Nilikuwa na umri kama wa miaka kumi na mitano. Wakasema ng'ombe amenipiga teke. Wakanipaka samli mgongoni, na mwezi mzima nikapewa maziwa zaidi ya wenzangu. Sikubisha. Maziwa yalikuwa matamu.

Kumbe siku ile ndiyo ugonjwa ulipopiga hodi, nami nikauchekea. Jina lake nimekuja kulijua juzi, nikiwa na wajukuu tisa.

Baada ya hapo ukaja usingizi. Shule niliishia darasa la nne, nusu yake nimelala. Mwalimu alinichapa, nikaamka, nikamshukuru, nikalala. Nikapelekwa kuchunga. Huko nililala nimesimama, kidevu juu ya fimbo, na ng'ombe wakarudi nyumbani wenyewe kwa zamu zao. Baba alikuwa akiwaambia watu kwamba ana kijana anayechungwa na ng'ombe. Na nikilala kuna ndoto zinakuja kabla usingizi haujafika vizuri, naona watu wameingia chumbani na siwezi kujigeuza. Hilo wazee walinieleza upesi, ni jinamizi, likanywewa dawa chungu za mizizi. Sikupona, ila nilijifunza kunywa vitu vichungu, ikanisaidia baadaye kwenye pombe ya mtama. Hapana, hilo nimelisema vibaya. Sikuwa mlevi. Ndivyo watu walivyodhani, na mke wangu naye alidhani hivyo miaka miwili ya mwanzo, alikuwa ananinusa mdomo nikiamka.

Sasa nije kwa mtani wangu, maana ndiye hasa ninayetaka kumwandika.

Sisi Wagogo na Wahehe ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe, akachukua kofia yako akaenda nayo, na ukikasirika mwenye aibu ni wewe. Msibani ndiye mwenye kazi kubwa, anazuia jeneza, anamsema marehemu, mpaka wafiwa wacheke na machozi yakiwa bado mashavuni. Wao wanasema sisi ni ombaomba. Sisi tunasema wao mbwa wakiwaona hukimbia, kwa sababu wanajua wataishia chunguni. Ndivyo tulivyopokezana toka kwa babu zetu.

Huyu wangu alikuja Mkonze, kijijini kwetu, akiwa kijana, kufyatua matofali, akaoa hapa, akajenga nyumba ya tatu kutoka kwangu. Siku ya kwanza tu aligundua siri yangu. Aliniambia neno, nikacheka, nikaanguka. Akaniruka, akaingia ndani, akala ugali wangu. Kuanzia hapo ikawa mchezo wake. Kwenye kilabu alikuwa akiwaambia wageni, nipeni muda wa kuvuta ugoro mara moja tu, namwangusha huyu Mgogo bila kumgusa. Na aliniangusha.

Kubwa kuliko zote ilikuwa msiba wa mjomba wake. Mimi ndiye mtani, nikasimama ukingoni mwa kaburi nikazuia jeneza. Nikasema Mhehe huyu haingii mpaka waitwe mbwa wa kata nzima waje wajionee wenyewe kwamba kweli amekufa, ili walale kwa amani. Watu wakacheka. Mtani wangu akanisogelea, uso wa huzuni kabisa, akasema, "Mbwa walifika tangu asubuhi. Wamegeuza njia. Wamesikia kuna Mgogo kaburini, wakaogopa atawaomba mfupa."

Niliingia kaburini mzima mzima. Nililala kule chini chali, nikitazama mbingu, nikisikia makofi. Walisema haijawahi kuonekana mtani anayejitoa namna ile. Hakuna aliyejua kwamba siwezi kutoka. Tangu hapo tuliitwa misibani sisi wawili mpaka Buigiri na vijiji vya mbele huko, watu wakisubiri nianguke. Nami nilianguka kila mara, maana hata siku nilizojikaza, yule mtu alikuwa na maneno. Miaka arobaini niliugua mbele ya halaiki na kupigiwa makofi. Wagonjwa wangapi wamepata bahati hiyo?

Aliyeukamata ugonjwa ni mjukuu wangu wa kike, anasomea uuguzi mjini. Alikuja likizo fupi, akaniona nimeanguka kwenye ua nikicheka habari ya redioni. Wengine walinipita kama kawaida. Yeye akachuchumaa, akaniuliza kitu ambacho maisha yangu yote hakuna aliyeniuliza. Alisema, "Babu, hapo ulipolala, unanisikia?" Nilipoweza kunyanyua ulimi nikamwambia nasikia yote, hata shangazi yako anavyonisengenya jikoni. Akaenda kuchukua daftari.

Tulikwenda hospitali mara nyingi, hata sikumbuki ngapi. Mwisho wakanibandika nyaya kichwani wakaniambia nilale. Niliwauliza mara mbili, nilale? Wakasema ndiyo, mzee, lala. Maisha yangu yote nimegombezwa kwa kulala, leo watu waliosoma wamevaa makoti meupe wananiomba. Niliwalalia vizuri sana. Waliponiamsha nikalala tena, wakaandika, wakatazamana.

Daktari, kijana mpole aliyeniamkia shikamoo kila alipoingia, akasema unaitwa narkolepsi. Mjukuu akanifafanulia kwa lugha yetu. Kichwani kuna kitu kinachomshikilia mtu awe macho, changu kimepungua. Kila binadamu akilala na kuota mwili hulegea, ili asitende anayoyaota. Kwangu ulegevu huo haungoji usiku, unakuja nikicheka. Si uvivu, si pombe, si jinamizi. Hauponi, lakini unatunzwa.

Nilikaa kwenye benchi la nje nikalia kidogo, kwa ajili ya yule kijana wa fimbo na ng'ombe. Sikulia sana. Nyumbani mke wangu aliposikia alichambua mchele sahani nzima, ndipo akasema, "Kwa hiyo niliolewa na mgonjwa, si mvivu. Basi nimekusema bure miaka yote. Nipe siku mbili nizoee."

Alizoea kwa siku moja. Ikaja serikali mpya ndani ya nyumba. Kidonge asubuhi. Kulala saa sita na tena saa kumi, hata kama kuna mgeni, na mke wangu anawaambia wageni mzee yuko kazini. Baiskeli nimekatazwa, imening'inizwa ukutani, nikipita naipigia kengele tusisahauliane. Kukoka moto peke yangu hapana. Kanisani sasa nasikia mahubiri kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na nimegundua mchungaji wetu ana mahubiri mazuri, mimi miaka yote nilikuwa nakosa ya katikati. Nilimwambia hivyo, sijui kama alifurahi.

Jambo moja nilikataa. Nina kigoda cha miguu mitatu, baba alikichonga kwa mkono wake kutoka gogo moja, akanikalisha juu yake siku alipokuwa hawezi tena, ndiyo kunikabidhi nyumba. Hakina mgongo, hakina mikono. Nikicheka nikiwa juu yake, nadondoka. Nilishadondokea mafiga nikaungua kiganja, kovu ninalo. Wanangu wakaninunulia kiti cha plastiki chenye mikono pande zote mbili. Nikasema hicho ni cha kinyozi. Wakanisihi, nikasinzia makusudi.

Hayo yote niliyaweza. Lililonishinda ni mtani.

Alipopata habari alikuja mchana uleule. Nilimngoja nikiwa nimejiandaa, nimeegemea ukuta kabisa. Akasimama mlangoni, akavua kofia. Akasema, "Pole sana, ndugu yangu."

Ndugu yangu. Mtu aliyeniita ombaomba tangu tukiwa na meno yote. Nikamtupia moja ya mbwa, akatabasamu kama mtu wa ofisini. Akaniuliza vidonge nakunywa kabla au baada ya kula. Siku ya pili akaleta mayai, akayaweka chini bila kunisimanga. Wiki iliyofuata akaniamkia shikamoo, naye kanizidi umri. Mke wangu akasema huyu ana hatia moyoni, anaona miaka yote alikuwa akimpiga mgonjwa. Nikasema basi nimkamate nimwambie hana kosa, aendelee kunitania. Nilimwambia. Akajibu, "Hapana, mzee, tulikosa adabu," akaenda zake.

Miezi mitatu ikapita namna hiyo. Nilipata dawa, nilipata jina la ugonjwa, usingizi ulinipungua, na sikuwahi kuwa na huzuni kama ile. Nilikaa kwenye kigoda changu sichekeshwi na mtu. Sikuanguka hata mara moja. Daktari alifurahi sana akaandika.

Halafu nikasikia binti yake anakuja kumchukua. Macho ya mtani wangu yamekwisha, anakwenda kukaa na binti huyo Iringa, basi la alfajiri siku ya Jumatatu. Nikahesabu siku, zimebaki nne. Nilisema moyoni, ataondoka na heshima zake, mimi nitabaki na vidonge.

Jumapili baada ya kanisa nimekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, mke wangu anapepeta. Mtani akaja anapapasa njia kwa bakora. Sikumsalimu, nilikuwa nimenuna. Hakunisalimu naye. Akamwambia mke wangu alete kile kiti cha kinyozi. Baadaye ndio nilikuja kuambiwa kwamba alikuwa amemfuata mjukuu wangu mpaka chuoni kwao, mzee yule na macho yake yale, kumuuliza kitu kimoja tu: je, daktari amemkataza kucheka? Mjukuu akamwambia kucheka hakujakatazwa, babu, kilichokatazwa ni kuanguka vibaya.

Kiti kikaja. Akanielekezea bakora. "Toka hapo. Kaa pale."

Kuna kitu kwenye sauti yake kilinifanya nitii. Nikahama, nikaweka mikono kwenye mikono ya kiti. Akakipapasa kiti kote, mgongo, ubavu, akauliza kama miguu yangu iko chini. Nikasema iko chini. Ndipo akajisimamisha vizuri kama tulivyokuwa tukisimama makaburini.

"Ombaomba wewe," akasema. Nikaanza kutetemeka hapohapo. "Miaka arobaini natamba Iringa nzima kwamba nina maneno ya kumwangusha Mgogo. Kumbe si maneno yangu, ni ugonjwa wako. Yaani hata sifa yangu umeiomba? Wenzako walikwenda kwa Mungu wakaomba mvua, wakaomba ng'ombe. Wewe ukamwomba usingizi. Akakupa, maskini, si kwa kukupenda. Alitaka na yeye apumzike kukusikiliza."

Shingo ikaondoka, taya likaondoka, magoti yakaondoka. Mwili wote ukamwagika, lakini kiti kikanidaka pande zote mbili, kikanishikilia kama mama anavyoshikilia mtoto anayeogeshwa. Ndani nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma. Nilimsikia mke wangu ameangusha ungo, anacheka mpaka anakohoa. Kope zangu ziliziba nusu, nikabakiwa na ardhi tu na miguu ya watu.

Nikaiona miguu yake ikizunguka kiti changu. Ikaenda ilikokuwa imekaa kigoda cha baba. Ncha ya bakora ikakigusa, mkono ukashuka, kigoda kikapaa nikakikosa machoni.

"Hiki nakwenda nacho," nilimsikia akimwambia mke wangu. "Mtani hashitakiwi. Akiamka mwambie akija Iringa nitamkalisha."

Mke wangu hakumzuia. Nami nilitaka kusema lakini ulimi haukuwepo, na nadhani hata ungekuwepo nisingesema. Niliona visigino vyake vikivuka mchanga wa ua, polepole, bakora mbele, na miguu mitatu ya kigoda ikichungulia nyuma ya bega lake alipofika mbali kiasi cha mimi kumwona mzima. Akapita kwenye ua wa minyaa bila kugeuka wala kuaga, na hakurudi tena.