Wiki Niliyokatazwa Kubeba Mikungu

Kijijini kwetu Kihanga, mwanamume hupimwa kwa mkungu wa ndizi. Anaubeba kutoka kibanjani, kwenye migomba yake, hadi barabarani bila kupumzika, na watu wanaona. Mimi nilikuwa nabeba miwili, mmoja kila bega, na sitajifanya mnyenyekevu hapa: nilipenda kutazamwa.

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa tatu, damu haikukata. Alipona, lakini daktari alituambia waziwazi kwamba mimba nyingine inaweza kumuua. Tukajaribu sindano za kuzuia mimba, akawa anatokwa damu mfululizo. Vidonge navyo vikampandisha presha. Ndipo nesi akanigeukia mimi, akasema ipo njia ya mwanamume, upasuaji mdogo tu, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Nilitoka nje kupunga upepo, nikakumbuka midomo ya mke wangu ilivyopauka kwenye kile kitanda. Nikarudi ndani, nikamwambia nesi anipangie siku.

Baada ya upasuaji nilipewa masharti. Nisiamini kwamba siwezi tena kutia mimba mpaka wanipime, na wiki nzima nisibebe kitu kizito.

Hilo la pili ndilo lililoniumbua. Lori la ndizi lilifika, majirani wakawa wanapakia, nami nimesimama nimekunja mikono. Mmoja akaniuliza tangu lini nimekuwa mvivu. Mtu aniite jina lolote, lakini si mvivu. Nikawaeleza kila kitu palepale, mbele ya dereva na utingo wake.

Kufikia Jumapili nilikuwa naitwa Maksai, ng'ombe aliyehasiwa. Nilipokwenda kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, walinipokea kwa mlio wa ng'ombe. Nilicheka nao, kisha nikawaambia kwamba maksai huyu ana mke aliye hai. Wachache waliacha kucheka, maana walikuwa wamezika wake zao waliofia uzazini.

Mama yangu hakucheka. Yeye alizaa tisa, akazika wanne, na uzazi wa mwisho ulimwachia mgongo usionyooka hadi leo. Alikuja nyumbani, nikampa shikamoo, hakuitikia. Chai pia aliikataa.

"Mwanamume mzima unafunga uzazi," alisema, "wala hukuniuliza."

"Ningekuuliza, mama, ungenikataza."

Aliondoka. Ile shikamoo isiyoitikiwa iliniuma kuliko kisu cha daktari, na nililia. Lakini sikujuta hata siku moja.

Miaka imepita. Mke wangu amerudi kwenye kwaya, ana shamba lake la maharage, na sauti yake inasikika tangu njia panda akibishana na wanunuzi. Watoto wote watatu wanasoma. Mikungu bado nabeba miwili, asiyeamini aje aone.

Msimu huu wa kahawa mama alikuja tena. Tuliketi mlangoni, nikamletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama tunavyomkaribisha kila mgeni. Mke wangu alikuwa anapanda mteremko na mzigo wa kahawa kichwani, akimcheka kitinda mimba wetu aliyekuwa akimkimbiza kuku. Mama alimtazama mpaka akafika uani. Kisha akachagua punje ya kwanza, ambayo kwetu ni ya anayeheshimiwa, na badala ya kuitia kinywani mwake akaiweka kwenye kiganja changu.

"Baba yako alinipenda sana," akasema. "Lakini hili hakunifanyia."