Siku Mdoe Alipokuwa na Adabu

Mtu wa Manundu asiyemjua Mama Nicolaus, huyo hajala andazi. Efrazia anakaanga pale barazani tangu mwanawe akiwa wa kubebwa mgongoni, na macho yake hayatulii, kama ya kuku mwenye vifaranga: karai, watoto wanaovuka barabara, paka wa jirani. Anachokiona anakihofia, na asichokiona anakihofia zaidi.

Nicolaus alipokua akajifunza kuchomelea vyuma. Bomba la mafuta ghafi lilipokuwa likilazwa kule Handeni, akapata kazi, na mama akapata usingizi wa mang'amung'amu. Bomba litamwangukia. Moto utamrukia. Kazi ilipoisha akamshukuru Mungu, ila alishukuru mapema. Haukupita muda kijana akaitwa kwenye bomba jingine, Sudan, kwenye vita.

"Usiogope, mama," alimwambia kwa simu. "Hawa wanagombania kila kitu, lakini bomba hawaligusi. Pande zote mbili zinakula humo."

"Na wewe unakaa wapi?"

"Kituo cha pampu. Bomba liko pale, kitanda changu hapa."

Basi Efrazia, aliyekuwa akilichukia bomba kama nyoka, akaanza kulitakia heri. Kwenye sala za jumuiya ya kanisa wenzake waliombea mvua, wagonjwa na mabinti wasioolewa. Yeye akasimama akasema, "Tuliombee bomba." Mzee Laurenti, mwenyekiti, alikohoa kidogo. Wakaliombea.

Mkaa wake huletwa na jamaa aitwaye Mdoe, Mzigua wa Kwedizinga, kwa pikipiki. Babu yake Efrazia alikuwa Mnyamwezi, alikuja kukata mkonge akazeekea hapa. Kwa hiyo hao ni watani, na kati yao salamu ni matusi.

"Wee mjukuu wa manamba! Bado unapumua?"

"Napumua nikuzike wewe kwanza. Na sanda yako nitaishona kwa gunia lako hilohilo."

Kisha Mdoe huchagua andazi kubwa kuliko yote na kulitafuna bila kuuliza. Ndivyo ilivyo kila aletapo mkaa.

Ikafika wiki ambayo simu ya Nicolaus haikupatikana. Efrazia hakumwambia mtu, aliendelea kukaanga na kupiga, kupiga na kukaanga. Asubuhi moja pikipiki ikasimama. Mdoe akavua kofia.

"Habari za asubuhi, Mama Nicolaus. Nyumbani hamjambo?"

Efrazia aligeuka kuona ni nani mwingine amesimama nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Mdoe akashusha gunia polepole kama anamlaza mtoto, akalisogeza mwenyewe hadi kando ya jiko. Maandazi yalijaa kwenye beseni. Hakuyagusa.

Hapo Efrazia akaacha kugeuza maandazi. Msiba ukishatangazwa, mtani hucheza mpaka kaburini. Anayekuwa na adabu ni yule aliyeujua kabla ya wenyewe.

"Mdoe, nitukane."

"Leo acha tu, mama."

"Nitukane, nimekwambia!"

Mdoe akaikodolea macho pikipiki yake. "Redio imesema wamepigana kwenye ule mji wa kina Nicolaus. Watu wote wamekimbia. Nilidhani umeshasikia."

Efrazia akakaa juu ya gunia la mkaa na gauni lake safi. Maandazi karaini yakaanza kuungua, naye akayatazama tu. Mdoe ndiye aliyeyaopoa, na tangu hapo hakuondoka. Wateja walikuja, akawauzia vibaya.

Jua lilikuwa limeshapinduka simu ilipolia, namba ndefu ya kigeni.

"Shikamoo, mama. Huku mtandao ulikufa."

"Uko mzima?" Hata marahaba aliisahau.

"Mzima kabisa. Walifika mpaka getini kwetu, halafu wakubwa wa pande zote wakapigiana simu. Sasa geti la mbele linalindwa na hawa, la nyuma na wale. Wanasema pampu isizimike, mafuta yakiganda wote watakosa."

"Na watu wa mjini?"

"Hao hakuna aliyewapigia, mama."

"Basi rudi nyumbani."

"Nipite wapi? Hatari iko njiani. Salama iko hapa. Halafu wameniongezea mkataba."

Simu ikakatika. Efrazia akamsimulia Mdoe neno kwa neno. Mdoe akasikiliza, akavaa kofia yake, akatia mkono kwenye beseni akatoa andazi jeusi tii, akaling'ata.

"Mjukuu wa manamba," alisema, "mimi nakuletea mkaa, na wewe unaniuzia mkaa?"

"Kula unyamaze, Mzigua mlafi," Efrazia akamjibu, akajifuta machozi kwa upande wa khanga, akalichochea jiko.

Jioni kwenye jumuiya alisimama tena kuliombea bomba. Akakaa. Kisha akainuka mara ya pili.

"Na wale watu wa mjini," alisema. "Wao hawana bomba."

Safari hii Mzee Laurenti hakukohoa.