Siku Akina Kambale Walipoitwa

Kila Jumapili, padri anapotualika tusimame, mabenchi ya kanisa letu hapa Butembo hukwaruza saruji, nami nainamisha kichwa. Wajukuu hudhani ninasali. Ndugu zangu, ninaficha kicheko.

Mlio huo umenikaa masikioni tangu siku moja nilipokuwa msichana mdogo, kule Beni. Polisi alipita mtaani kwetu Beu akitangaza: "Kambale anaitwa kwa juge, juu ya mbuzi." Baba yangu, Kambale, alikuwa katekista ambaye hakuwahi kuokota hata tunda la avoka lililoangukia kwa jirani. Hata hivyo, mama hakungoja hukumu ya hakimu huyo. Alikunja blanketi la kulalia gerezani, akapika ndizi na maharagi, akanitwisha kikapu, tukamfuata baba mahakamani.

Hakimu alikuwa mgeni, ametumwa kutoka Kasai, na miwani yake haikukaa puani. Hakujua kwamba kwetu Wanande jina hufuata zamu ya kuzaliwa, na mtoto wa kiume wa pili huitwa Kambale.

"Kambale, simama."

Mabenchi yakalia. Nusu ya chumba ilisimama, hata mzee mmoja kiziwi aliyeingia kukwepa mvua. Baba naye alikuwa wima.

"Munanicheka?" hakimu akauliza. "Mimi naita mutu moja."

Karani wake akanyanyuka polepole. "Hapana kukasirika, Papa juge. Hata miye ni Kambale."

Mama akanong'ona, "Baba yako angekaa tu. Nani angemujua?"

Hakimu akafuta miwani, akashusha pumzi. "Bon. Ba-Kambale bote bakae. Kambale wa mbuzi abakie."

Mabenchi yakalia tena. Akabaki kijana mmoja, akisokota kofia mikononi. "Ni miye, Papa juge. Lakini hapana kuiba. Ile mbuzi ilinifuata yenyewe."

"Mpaka mu sufuria?"

Tulirudi nyumbani tukila chakula cha gerezani, mama akigomba njia nzima. "Juu ya nini ulisimama, na hauna kosa?"

"Niliitwa," baba akasema, kama kwamba hilo lilitosha. Moyoni nilimwona mjinga kidogo.

Hakimu yule hakurudi Kasai. Aliamua kesi zetu Beni, kisha Butembo, na hakumwita tena mtu kabla ya kuuliza jina la baba yake na la kilima wanakoishi. Kwa kuwa alizaliwa wa tatu kwao, akina mama wa sokoni walimpa jina la wavulana wa tatu, Kasereka.

Alipostaafu tukamfanyia misa ya shukrani. Padri, mzee wa macho hafifu, akaita, "Kasereka asimame abarikiwe."

Mabenchi yakakwaruza. Wanaume wakasimama safu kwa safu, hakimu akiwa wa kwanza wao, bila kugeuka kuona wengine. Padri akababaika. Hakimu akautazama umati ule, akatabasamu.

"Padri, hapana kubaambia bakae. Bariki bote."

Baba alikuwa ameshalala kaburini. Siku hiyo ndipo nilipolielewa jibu lake: asiye na kosa naye husimama, maana hajui aliyemwita anataka kumpa nini.